Moto wa uani: Hatari huanza pale unapodhani umezimika

Ilikuwa Jumatatu asubuhi mwezi wa Julai, baridi ya Machakos imekaza na ukungu ungali umefunika vilima vya Iveti. Mama mmoja aliingia katika kliniki yangu akiwa amembeba mwanawe wa miaka mitatu. Nyayo zote mbili za mtoto zilikuwa zimepakwa dawa ya meno. Nilipoiosha dawa hiyo, niliona kwamba ngozi ilikuwa imechunika na nyama ya chini kugeuka nyeupe.

Kisa chenyewe kilikuwa rahisi. Siku iliyotangulia, jamaa na marafiki walikuwa wamekusanyika nyumbani humo wakachinja mbuzi. Shimo lilichimbwa uani, moto ukawashwa, nyama ikachomwa, watu wakaota moto hadi saa nne usiku. Wageni walipoondoka, baba mwenye nyumba alichukua jembe akalifukia shimo kwa udongo, kama alivyomwona babake akifanya miaka yote, kisha akaenda kulala. Asubuhi mtoto alitoka nje miguu mitupu kuufuata mpira wake. Ulikuwa umesimama juu ya udongo ule.

"Daktari, moto ule ulikuwa umezimika," baba aliniambia. Alirudia maneno hayo mara tatu.

Katika miaka ambayo nimefanya kazi hii, nimeona kwamba moto unaowaka kwa ndimi ndefu huwaumiza watu wachache kuliko tunavyodhani, kwa sababu kila mtu anauona na kuuogopa. Moto unaotuletea wagonjwa wengi ni ule uliosahauliwa: kaa lililofukiwa, jivu lililomwagwa kando ya ua, jiko lililoacha kutoa moshi likaingizwa chumbani. Wiki hii, msomaji mpendwa, tujifunze jinsi ya kuuweka moto wa uani mahali panapofaa, kuutumia vyema na kuuzima kabisa.

Sikusudii kumwambia mtu yeyote aache kuwasha moto nyumbani kwake. Mimi mwenyewe nikitaka muthokoi yenye ladha, huipika nje juu ya mawe matatu, maana mtungi wa gesi ungeisha kabla maharagwe hayajaiva. Moto wa uani hutupikia wakati wa harusi na matanga, hutuchemshia maji ya kuoga, na hutukusanya msimu wa baridi. Lakini una masharti yake.

Kwa nini udongo hauzimi moto

Wazee walisema kwamba jifya moja haliinjiki chungu. Moto nao husimama juu ya mafiga matatu: kitu cha kuungua, hewa, na joto. Ukiondoa figa moja kabisa, moto hufa. Ukilisogeza tu, moto huendelea kuishi taratibu.

Anayefukia makaa kwa udongo hudhani ameondoa hewa. Kwa kweli ameipunguza tu, kwa sababu hewa hupenya katikati ya punje za udongo. Na lile figa la tatu, yaani joto, hakuligusa hata kidogo. Udongo umekuwa blanketi la kulihifadhi.

Ukitaka ushahidi, usije kwangu. Mwulize mchoma makaa yeyote wa Ukambani. Yeye hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, huwasha, kisha huacha tanuri lake likiiva kwa siku kadhaa. Kazi yake yote imejengwa juu ya jambo hili moja: kuni zilizofunikwa kwa udongo huendelea kuungua polepole. Basi anayefukia shimo la nyama choma uani ametengeneza tanuri dogo la makaa, tena mahali watoto wanapochezea. Juu panaonekana udongo mtupu usiokuwa na moshi wala mwanga, na asubuhi hata mtu mzima hawezi kujua kilicho chini.

Mtoto mdogo ana hatari zaidi. Ngozi yake ni nyembamba kuliko ya mtu mzima, hivyo joto hupenya upesi. Tena mtoto wa miaka miwili au mitatu akikanyaga kitu cha moto, mara nyingi haruki kando. Husimama papo hapo akilia, au huanguka akitanguliza mikono.

Mahali pa kuuweka

Kabla ya kuchimba shimo au kupanga mawe, simama uani uangalie pande zote, kisha utazame juu. Zingatia mambo haya:

1. Pima angalau hatua tano ndefu za mtu mzima kutoka ukuta wa nyumba, ua wa miti, kamba ya kuanikia nguo, gari, na chumba cha kuwekea mtungi wa gesi au mafuta taa. Kama ploti yako haina nafasi hiyo, usichimbe shimo. Tumia jiko la makaa, uliweke nje juu ya sakafu iliyo sawa, mbali na njia ya watu.

2. Usiweke moto chini ya matawi wala chini ya paa la makuti au nyasi. Cheche hupanda juu pamoja na hewa ya moto.

3. Jua upepo hutoka wapi na kwenda wapi. Moshi usielekee dirishani kwako wala kwa jirani mwenye pumu.

4. Fyeka nyasi na uondoe majani makavu kuuzunguka moto, upana wa hatua mbili kila upande. Kwetu Machakos jambo hili ni muhimu zaidi kuanzia Agosti hadi mvua za Oktoba zinapoanza, wakati nyasi zimekauka kabisa.

5. Shimo lisiwe kubwa. Upana wa kama sentimita 60 na kina cha sentimita 30 hutosha kwa mbuzi mzima. Lizungushie mawe ili kila mtu aone mpaka wake. Lakini usitumie mawe yaliyotoka mtoni yakiwa na unyevu. Maji yaliyojificha ndani ya jiwe hugeuka mvuke, na jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande usoni mwa mtu. Sakafu ya saruji nayo inaweza kupasuka vivyo hivyo ikiwashiwa moto moja kwa moja.

6. Usiweke moto kwenye njia ya kwenda chooni au mferejini. Usiku mtu hupita hapo akiwa na usingizi.

Kuni na uwashaji

Tumia kuni kavu. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi, na moshi si jambo la mzaha. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi na uchafu wa hewa unaotokana na mapishi ya nyumbani ulisababisha vifo vipatavyo milioni 3.2 duniani mwaka wa 2020, na zaidi ya 237,000 kati ya hivyo vilikuwa vya watoto wa chini ya miaka mitano. Kupika nje hupunguza madhara hayo, lakini mama anayeinamia moto akiwa na mtoto mgongoni bado humvutisha moshi. Mwachie mtu mwingine mtoto, au mweke mahali ambapo moshi hauendi.

Usichome mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya kuzuia mchwa, wala usichome tairi na plastiki. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 28, 2017, lakini chupa na pakiti bado zipo, na wengi huzitupa motoni ili kusafisha ua. Moshi wake una sumu zinazoathiri mapafu, na hatimaye unakula nyama iliyochomwa juu yake.

Aidha, jihadhari na mnyaa, ule mmea wa ua ambao wengi wetu tunao. Utomvu wake mweupe huunguza macho vibaya, na moshi wake huyawasha. Mti ambao huujui usiufanye kuni.

Kamwe usimwagie moto petroli au mafuta taa. Kosa linalojirudia ni hili: moto unaonekana umekataa kuwaka, mtu anaongeza mafuta, nayo yanageuka mvuke juu ya makaa ya moto na kulipuka, na miali inafuata mkondo hadi kwenye mkebe ulio mkononi. Wengi wa wanaoungua namna hii huungua uso na mikono. Washa kwa vijiti vikavu na karatasi, uwe na subira.

Mavazi pia ni muhimu. Leso iliyofungwa ovyo au sweta ya nailoni hushika moto haraka, na nailoni huyeyuka na kuganda kwenye ngozi. Funga leso vizuri na ukunje mikono ya nguo. Nguo ikishika moto, usikimbie, kwani mbio huupulizia moto. Simama, lala chini, funika uso kwa mikono na ubingirike. Aliye karibu amfunike kwa blanketi zito.

Nani asiachwe peke yake na moto

Kwanza, watoto. Chora duara ardhini hatua mbili kutoka motoni, uwafundishe kwamba hapo ndipo mwisho wao. Lakini usitegemee duara pekee. Mchague mtu mzima mmoja, umtaje kwa jina, awe ndiye mlinzi wa moto, na asiwe amekunywa pombe. Mahali penye watu wazima kumi, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama.

Pili, wagonjwa wa kifafa. Baadhi ya majeraha mabaya zaidi ya moto ambayo nimeyaona ni ya watu walioangukia moto wakati wa kifafa. Mtu huyo hawezi kujiondoa, na wakati mwingine waliopo huogopa kumgusa wakidhani ugonjwa utawaambukiza. Kifafa hakiambukizwi. Mvute atoke motoni mara moja. Mwenye ugonjwa huu anywe dawa zake kila siku bila kukosa, na asipike peke yake kwenye moto wa chini. Jiko lililoinuliwa hadi kiunoni ni salama zaidi kwake.

Tatu, wazee wasioona vizuri na wale wenye kisukari ambao nyayo zao zimekufa ganzi. Mgonjwa wa kisukari anaweza kuota moto hadi miguu ikaungua bila yeye kuhisi chochote.

Jiko lisiingie ndani

Kuanzia Juni hadi Agosti watu wa Machakos hutetemeka. Jioni jiko la makaa huwashwa nje, moshi huisha, makaa huwa mekundu na kupendeza, kisha jiko huingizwa chumbani kupasha joto. Mlango hufungwa na nafasi za dirisha huzibwa kwa matambara. Kila msimu wa baridi magazeti yetu huleta habari za watu waliolala hivyo wasiamke.

Wengi huniambia, "Lakini daktari, moshi ulikuwa umekwisha." Hapo ndipo tunapokosea. Makaa mekundu yasiyotoa moshi hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi wala harufu. Hewa hii hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Damu ikishajaa sumu hiyo, haiwezi tena kupeleka oksijeni kwenye ubongo na moyo. Mtu huumwa kichwa, huhisi kizunguzungu na kichefuchefu, hulegea, kisha husinzia. Aliyekuwa tayari amelala hapati hata onyo hilo.

Dalili hizi hufanana na za malaria au mafua. Dokezo ni kwamba watu wote wa nyumba huugua kwa pamoja, na hupata nafuu wakitoka nje. Wajawazito wajihadhari zaidi, kwa maana sumu humfikia mtoto aliye tumboni.

Jiko lenye udongo ndani, ambalo limeenea nchini tangu miaka ya 1980, hupunguza makaa unayotumia. Ni jiko zuri. Hata hivyo, halizuii sumu hii, na lisilazwe chumbani. Kufungua dirisha kidogo pia hakutoshi. Jiko libaki nje, ninyi mwongeze blanketi. Ukikuta mtu amezirai chumbani mwenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje haraka, nawe usikawie humo. Mkimbize hospitalini akapewe oksijeni hata kama ameamka na kusema yuko sawa.

Namna ya kuuzima

Wahenga walisema dawa ya moto ni moto. Huenda msemo huo ukafaa katika ugomvi wa watu, lakini uani dawa ya moto ni maji.

Najua jibu ninalopewa hapa Machakos: maji yenyewe hayapo. Ndiyo sababu tulizoea kufukia kwa udongo. Anayenunua maji kwa mtungi hawezi kuyamwagia jivu kwa furaha. Lakini moto haubagui maji. Yale ya kufulia, ya kuoshea vyombo au ya kuogea yanafaa vilevile. Siku utakayowasha moto, yahifadhi kwenye ndoo mbili, uziweke karibu na shimo kabla hujawasha kiberiti. Zitakuwa zima-moto yako pia iwapo nyasi zitashika.

Kisha fanya hivi. Acha kuni zipungue zenyewe nusu saa kabla ya kulala. Tawanya makaa kwa fimbo ndefu. Simama upande unakotoka upepo, umwage maji polepole, maana mvuke wake huunguza. Koroga matope ya jivu, kisha mwaga tena. Endelea hadi usisikie mlio wowote. Mwisho, leta mgongo wa kiganja chako karibu na jivu bila kuligusa. Ukihisi joto, moto haujazimika. Ukilihisi ni baridi, ligeuze kwa fimbo na upime tena.

Jivu la jiko nalo usilimwage kwenye jaa la taka au kando ya ua likiwa la moto. Lilowe kwanza ndani ya karai la chuma. Na shimo lililozimwa lifunike kwa bati au mawe, ili mtoto asianguke humo kesho yake.

Mtu akiungua

Toa nguo, viatu, pete na bangili zilizo karibu na jeraha, isipokuwa kitu kilichogandamana na ngozi. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi ya kawaida kwa dakika 20. Usitumie barafu. Dakika hizi 20 ni tiba. Hupunguza kina cha jeraha pamoja na maumivu, na zina faida hata kama saa tatu hazijapita tangu ajali. Kama maji ni haba, weka beseni safi chini, umwage kwa kopo, uyakusanye na kuyamwaga tena. Wakati huo mfunike mtoto sehemu nyingine za mwili asipatwe na baridi.

Usipake dawa ya meno, siagi, yai, unga, jivu, wino, asali wala samadi. Vitu hivi hufungia joto ndani, huleta vijidudu, na hutuzuia sisi madaktari kuona jeraha. Usitumbue malengelenge. Funika kwa kitambaa safi kikavu kisichoacha nyuzi.

Nenda hospitalini bila kuchelewa ikiwa aliyeungua ni mtoto. Ikiwa jeraha ni kubwa kuliko kiganja cha mgonjwa mwenyewe. Ikiwa limegusa uso, mikono, nyayo, sehemu za siri au kiungo. Ikiwa ngozi ni nyeupe au nyeusi na haiumi. Au ikiwa mtu alivuta moshi na sauti imekauka. Jeraha lisiloumi si dogo, ila mishipa ya kuhisi imeungua pia. Utaulizwa kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa hivyo beba kadi ya kliniki ya mtoto.

Jipime mwenyewe

Kabla ya moto ujao, jibu maswali haya manne. Je, kuna hatua tano kati ya moto na kitu kinachoweza kuungua? Ni nani mlinzi wa moto leo? Ndoo mbili za maji ziko wapi? Na jiko litalala wapi? Ukikosa jibu moja, usiwashe bado.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba majeraha ya moto huua watu wapatao 180,000 kila mwaka, wengi wao katika nchi kama zetu. Tumezoea kusema kwamba ajali haina kinga. Mimi siwezi kukubali hilo, kwani nimeona kinga yenyewe, nayo ni ndoo mbili za maji yaliyofulia nguo.

Yule mtoto wa nyayo mbili tulimpa rufaa, akawekewa ngozi iliyotolewa pajani, akafungwa bandeji kwa wiki nyingi. Hivi sasa anatembea, ingawa kovu la mguu wa kushoto humvuta vidole na bado anahitaji mazoezi. Babake alipomleta mara ya mwisho aliniambia kwamba ua wao bado una shimo, na bado wanachoma nyama. "Lakini siku hizi, daktari," alisema, "silali kabla sijalitia mkono."